Mtoto Aandikwe Katika Kodi ya Nani? Ugomvi wa Wazazi Walioachana Marekani Unaoletwa Barazani Kwetu

 

Katika maswali yaliyotufikia tangu Sha'baan limo moja ambalo mwanzo tulidhani limekosea mlango. Halikuhusu twahara, wala funga, wala mirathi. Limeletwa na mzee wa Unguja ambaye koo mbili zimemfanya hakimu bila ya mwenyewe kuomba. Mwanawe wa kiume na aliyekuwa mke wa mwanawe wameachana huko Marekani, wana watoto wawili, na sasa wanagombania nani awaandike watoto hao katika kodi yake. Mzee alikuwa ameshakata shauri kabla ya kutuandikia. Alisema katika kundi la simu la familia kwamba mtoto ni wa baba, na baba ndiye anayetoa nafaqa, kwa hiyo baba ndiye mwenye haki. Alichotaka kwetu ni dalili ya kumnyamazisha shangazi wa yule mama, ambaye yupo Pemba na hanyamazi.

Dalili hiyo hatukumpa. Tumeona bora tulieleze jambo lenyewe kwa urefu, kwa sababu si la familia moja. Kila nyumba ya visiwani yenye watu wake Marekani inaweza kuamka siku moja ikakuta kesi hii katika simu ya bibi. Tumebadilisha baadhi ya mambo ili wahusika wasijulikane.

Huku kwetu kodi ya mshahara hukatwa kazini, na haimuulizi mtu ana watoto wangapi. Mwenye watoto saba na asiye na mtoto wakilipwa mshahara mmoja, hukatwa sawa. Marekani sivyo. Kila mwaka mtu hujaza ritani yake na kuipeleka kwa mamlaka ya kodi, IRS, mwisho wake kwa kawaida tarehe 15 Aprili, na humo huandika jina la mtoto anayemtegemea pamoja na namba yake ya hifadhi ya jamii, ile ambayo watu wa kule huiita soshali. Kuandikwa huko kwa mtoto kunapunguza kodi, na mara nyingi kunarudisha fedha. Lakini mtoto mmoja hawezi kuandikwa kwa wazazi wawili wanaojaza ritani mbalimbali ili kila mmoja apate nafuu ile ile. Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa.

Fedha yenyewe si ndogo. Kwa ritani za mwaka 2025, zinazopelekwa mwaka huu wa 2026, nafuu ya kodi ya mtoto ni hadi dola 2,200 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 17. Mwaka uliotangulia ilikuwa 2,000. Imeongezwa na sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025. Mzazi ambaye kodi yake ni ndogo kuliko nafuu hiyo anaweza kulipwa sehemu yake mkononi, hadi dola 1,700 kwa mtoto. Juu ya hiyo ipo nafuu nyingine kwa wafanyakazi wenye kipato kidogo: hadi dola 4,328 kwa mwenye mtoto mmoja, na hadi 7,152 kwa mwenye wawili. Tena mzazi anayeishi na mtoto na kuiendesha nyumba peke yake huhesabiwa kuwa mkuu wa kaya, na dola 23,625 za mwanzo za kipato chake hazitozwi kodi, wakati mtu mmoja asiye na kaya ni 15,750.

Sheria inazuia marejesho yenye nafuu ya wenye kipato kidogo yasitolewe kabla ya katikati ya Februari. Mwaka huu Ramadhani iliangukia Februari na Machi, kwa hiyo nyumba nyingi huku zilipokea futari na nguo za Sikukuu kutokana na fedha hiyo hiyo. Tukisema kwamba haya ni mambo ya Wamarekani na hayatuhusu, tutakuwa tunajidanganya. Sisi ni katika wanaokula humo.

Sasa tuje kwenye kanuni. Kwa wazazi wanaoishi mbalimbali, sheria ya kodi ya Marekani haiulizi mtoto anaitwa kwa jina la nani, wala nani ananunua viatu vyake. Inauliza mtoto amelala wapi. Mzazi ambaye mtoto amelala kwake usiku mwingi zaidi katika mwaka ndiye mlezi kwa hesabu ya kodi, na yeye ndiye mwenye haki ya kumwandika. Usiku ukilingana sawasawa, haki huenda kwa mwenye kipato kikubwa zaidi. Mzazi anayefanya kazi ya usiku, na ndugu zetu wengi wapo katika kazi hizo, akawa mtoto yupo kwake mchana zaidi ya kwa mwenzake, huhesabiwa mchana wake. Hii ndiyo kanuni ya msingi, nayo inawashangaza wazee wetu kwa sababu haifanani na mlango wowote wa fiqhi waliousoma.

Lakini wasidhani kwamba fikra yao haikuwahi kupita huko. Hadi mwaka 1984 sheria ya Marekani nayo ilitazama nafaqa. Ilipima nani ametoa zaidi ya nusu ya matumizi ya mtoto, na ilimruhusu baba asiyeishi na mtoto kumwandika kwa masharti ya kiasi alichotoa. Matokeo yake wazazi walifika kila mmoja na risiti zake, wakibishana juu ya bei ya chakula na kodi ya chumba, na mamlaka ya kodi ikajikuta imegeuka baraza la ndoa. Bunge lao likachoka. Kuanzia ritani za mwaka 1985 haki ikawekwa kwa yule anayeishi na mtoto, isipokuwa yeye mwenyewe aiachie kwa maandishi. Kwa hiyo alichosema mzee wetu si upuuzi. Kilijaribiwa kikaachwa, na kilichokiangusha ni ugumu wa kukithibitisha.

Hayo maandishi ya kuachia yana jina: Fomu 8332. Mzazi anayeishi na mtoto hutia saini kwamba mwaka fulani, au miaka fulani, hatadai nafuu ya mtoto huyo, na mzazi wa pili huiambatanisha fomu na ritani yake. Fomu hiyo ndiyo ufunguo. Watu wengi wana hukumu ya talaka iliyoandikwa na mahakama ya jimbo kwamba baba atawaandika watoto mwaka wa witri na mama mwaka wa shufwa, wakadhani wamemaliza. Hawajamaliza. Kwa hukumu zilizotolewa baada ya mwaka 2008, IRS haikubali karatasi ya hukumu mahali pa fomu. Mahakama inaweza kumwadhibu mzazi aliyekataa kutia saini baada ya kuamriwa, lakini hilo ni la mahakama. Mtu wa kodi yeye anatazama usiku na fomu, basi.

Na hapa tuwaombe wasomaji watulie kidogo, kwa sababu ndipo tulipoona familia hizi mbili zimepotea pamoja. Fomu haihamishi kila kitu. Mama akiitia saini, kinachokwenda kwa baba ni ile nafuu ya mtoto peke yake, yaani zile dola hadi 2,200. Nafuu ya wenye kipato kidogo haihami. Cheo cha mkuu wa kaya hakihami. Nafuu ya gharama za kumlipa mtu wa kumwangalia mtoto ili mzazi aende kazini haihami. Vyote hivyo hubaki kwa yule ambaye mtoto analala kwake, akitimiza masharti yake, hata kama amesaini. Baba asiyeishi na mtoto havipati kwa saini, wala kwa hukumu, wala kwa fatwa ya mzee.

Wengi hawalijui hili. Mama anaogopa kusaini kwa kudhani atabaki mikono mitupu, na baba anachukua vyote kwa kudhani ni kifurushi kimoja.

Turudi kwenye kesi yetu. Hukumu ya talaka yao ilisema mwaka wa witri watoto ni wa baba katika kodi, na 2025 ni witri. Watoto wanaishi na mama. Baba huwachukua baadhi ya mwisho wa wiki na sehemu ya likizo. Katikati ya mwaka baba alipoteza kazi, akarudi nyuma miezi minne katika nafaqa aliyoamriwa na mahakama. Alipopata kazi nyingine alianza kulipa tena, ila ile minne imebaki deni. Mama kwa hasira hakusaini fomu, na hakusema kwamba hatasaini. Alinyamaza tu. Baba naye hakuuliza. Mwishoni mwa Januari alipeleka ritani yake akiwa ameandika watoto wote wawili, akajiita mkuu wa kaya na kudai nafuu zote. Mama alipopeleka yake kwa njia ya mtandao ikarudishwa: watoto wameshaandikwa kwingine. Usiku ule ule ujumbe ukafika Unguja, na baada ya Fajri ukawa umefika Pemba.

Likitazamwa kwa jicho la IRS, shauri hili ni jepesi. Hakuna fomu, usiku ni wa mama, basi. Mama anaweza kuipeleka ritani yake kwa karatasi, na tangu msimu wa mwaka 2025 anaweza hata kwa mtandao akiwa na namba ya siri ya utambulisho anayopewa na IRS. Baada ya hapo wazazi wote wawili huweza kupata barua inayowaambia kwamba mtoto mmoja ameandikwa mara mbili, na aliyekosea arekebishe. Wote wakishikilia, ukaguzi unafunguliwa, na hapo huombwa karatasi za shule, za daktari, za mwenye nyumba. Atakayeshindwa atarudisha fedha pamoja na riba, na pengine faini juu yake. Akionekana amepuuza kanuni kwa makusudi, huzuiwa kudai nafuu hizi kwa miaka 2. Ikithibitika ni ghushi, miaka 10. Na anayeombea uraia ajue kwamba fomu ya kuomba uraia nayo inauliza habari za kodi.

Kwa jicho la dini si jepesi hivyo, na hatutaki kuupendelea upande wowote.

Kuna mambo matatu ambayo wanazuoni wetu wameyatenganisha siku zote, na ndani ya makundi ya simu yamechanganywa kuwa moja. Nasaba ni ya baba, hakuna anayebisha. Nafaqa ya mtoto ni juu ya baba, na talaka haiiondoi. Hadhana, yaani ulezi wa karibu, ni ya mama kwanza katika madhehebu ya Shaafi'iy mpaka mtoto afikie umri wa kupambanua, kwa masharti yake yanayojulikana. Nafuu ya kodi haitokani na nasaba. Ni kitu kinachotolewa na dola kwa sharti, na sharti lake ni mahali mtoto alipolala. Ukitaka kuifananisha na mlango wowote, basi imekaribia hadhana zaidi kuliko nafaqa. Aliyeitaka bila ya sharti lake amechukua mali kwa njia ya batili, na aliyeandika katika ritani kwamba mtoto ameishi kwake wakati hakuishi, ametoa ushahidi wa uongo chini ya saini yake. Haiwi halali kwa kuwa anayedanganywa ni serikali ya kigeni. Aliyeingia katika nchi ya watu kwa ahadi, ahadi hiyo inamfunga, na aya ya kwanza ya Suratul-Maaidah inayoamrisha kutimiza mikataba haikuvua mikataba ya ughaibuni.

Kwa hiyo baba amekosea, na kosa lake kubwa liko katika zile nafuu ambazo hata angekuwa na fomu kumi zisingekuwa zake. Hilo mzee wetu alilikubali kwa shida.

Lakini mama naye? Alikubali mbele ya mahakama kwamba mwaka wa witri ni wa baba. Hukumu haikuweka sharti kwamba baba asiwe na deni. Zipo hukumu zinazoweka sharti hilo, na tunawanasihi wanaoachana waliombe liandikwe, ila hii haikuliweka. Yeye anasema saini ile ilikuwa rahani yake pekee. Tunamuelewa. Mwanamke aliyekaa miezi minne akibeba peke yake chakula cha watoto wawili si mtu wa kusomewa mawaidha. Lakini rahani hukubaliwa na pande mbili, haishikwi kimya kimya. Deni la nafaqa lina njia yake, na mahakama za kule huifuata kwa ukali, hata kulikata katika marejesho ya kodi ya baba. Angesema mapema, “sitasaini mpaka tuzungumze deni,” pengine tusingefika hapa. Suratul-Baqarah, aya ya 233, inakataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mtoto wake na inakataza baba kudhuriwa vile vile. Wengi wetu huisoma nusu, na nusu yenyewe inategemea sisi ni jamaa wa upande gani.

Yapo mawili mengine ambayo hatukuulizwa ila tunayajua yapo.

La kwanza ni la talaka za mdomo. Wapo walioandikisha ndoa yao serikalini kule, kisha wakaachana kwa talaka ya kisharia tu, pengine kwa simu, wala hawakwenda mahakamani. Kidini si mke na mume. Kwa IRS bado ni mke na mume, na hawezi mmoja wao kujiandika kuwa mtu asiye na ndoa kwa sababu eda imekwisha. Ile kanuni ya usiku na fomu inawahusu wao pia, maadamu wameishi mbalimbali katika miezi 6 ya mwisho ya mwaka. Na mzazi aliyebaki na mtoto zaidi ya nusu ya mwaka, akabeba zaidi ya nusu ya gharama za nyumba, na mwenzake hakuishi humo miezi hiyo 6 ya mwisho, anaweza kuhesabiwa mkuu wa kaya. Wasijaze kwa kukisia. Waende kwa mtu anayejua.

La pili linatugusa sisi moja kwa moja. Mtoto mkubwa wa familia hii, wa miaka 11, yupo Unguja kwa bibi yake tangu Agosti, kaletwa asome Qur-aan na apate Kiswahili. Kwa mwaka 2025 hilo halibadilishi kitu, kwani zaidi ya nusu ya mwaka aliishi na mama yake kule. Swali ni la 2026. Sheria inahesabu kutokuwepo kwa muda kwa sababu ya masomo, maradhi au likizo kuwa kama mtoto yupo nyumbani, maadamu anatarajiwa kurudi. Lakini mtoto aliyehamia kwa bibi moja kwa moja haishi na baba wala mama, na mzazi yeyote atakayemwandika kama anayeishi naye atakuwa na la kujibu. Tumeona watoto wa aina hii wakiletwa kwa mwaka mmoja wakakaa minne. Bibi analisha, mjomba analipa ada ya madrasa, na wazazi wawili kule kila mmoja anamwandika kuwa ni wake. Kwa bibi hiyo ni dhulma nyingine, na yeye hata hajui kuna kitu kinaitwa ritani.

Wazee wa huku hatuwaambii wajitoe. Suratun-Nisaa, aya ya 35, imetaja hakimu kutoka ahli za mume na hakimu kutoka ahli za mke, na ingawa aya hiyo ni ya kusuluhisha kabla ya kuachana, ada yetu ya visiwani imeendelea kuitumia hata baada yake, na kheri nyingi imepatikana. Tunachoomba ni kwamba mzee akiletewa kesi hii asianze na “baba ni nani.” Aulize kwanza mtoto amelala wapi usiku mwingi. Kisha aulize kuna fomu iliyosainiwa au hakuna, hukumu inasema nini, na deni la nafaqa ni kiasi gani. Akishapata majibu atakuta pa kusuluhisha ni padogo: ile nafuu moja inayoweza kuhama. Juu ya hiyo wazazi wanaweza kukubaliana watakavyo ndani ya sheria. Wapokezane miaka, au kila mmoja achukue mtoto mmoja, au baba apewe saini baada ya kulipa deni. Hiyo ni sulhu, na sulhu inajuzu maadamu haihalalishi haramu.

Familia hizi mbili zilifuata njia hiyo, ingawa si kwa upole. Shangazi wa Pemba ndiye aliyesema wahesabu. Wakachukua kalenda ya shule na jumbe za simu za mwaka mzima, wakapata usiku 96 kwa baba na 269 kwa mama kwa yule binti mdogo. Baba amekubali kupeleka ritani ya marekebisho na kuondoa nafuu ambazo si zake. Mama amekubali kumsainia fomu ya mwaka 2025 peke yake, kwa binti huyo tu, na baba amekubali kwamba fedha yake itaanzia kwenye ile miezi minne. Mzee ametuandikia kwamba yeye bado anaona baba ameonewa, ila ameandika maafikiano hayo kwa mkono wake na kuyapeleka kwa wote wawili.

Lililobaki ni la yule kijana aliye kwa bibi yake. Mama anasema atarudi Agosti shule zikifunguliwa kule. Baba anasema abaki amalize juzuu. Hawajaafikiana, na bibi hajaulizwa.

Wa Allaahu A‘lam.